Ndege wa Theluji na Majira Yake

Junko ni ndege mdogo wa Amerika Kaskazini, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, mgongo wa rangi ya moshi, tumbo jeupe na mdomo wa waridi. Baridi ikianza, wengi huteremka kutoka misitu ya Kanada hadi nyua za Marekani, wakiokota mbegu chini kwa vikundi. Mmoja akishtuka, wote huruka, na weupe wa kingo za mkia huonekana mara moja tu. Theluji ikiyeyuka, wanaondoka. Ndiyo maana huitwa ndege wa theluji.

Je, ndege huyo anajua majira yake, au anasukumwa tu? Nabii Yeremia aliwataja korongo, hua na mbayuwayu kuwa wanajua wakati wao, akiwasuta watu wasioijua hukumu ya Mungu. Mwanafalsafa René Descartes, katika barua ya mwaka 1646, aliandika kwamba mbayuwayu wanaorudi baada ya baridi hutenda kama saa. Saa hulia kwa wakati wake, na ndani yake hamna anayefahamu lolote.

Kwanza sayansi ilielekea upande wa Descartes. Miaka ya 1920, huko Edmonton, Kanada, mtafiti William Rowan aliwafungia junko katika matundu ya nje, akaurefusha mchana wao kwa taa za umeme. Katikati ya baridi ya kugandisha, korodani zao zilikua, nao wakaimba. Kumbe kinachowaamsha ni mwanga, si joto.

Lakini kuamka si kujua njia. Mwaka 1958 Perdeck, mtafiti wa Kiholanzi, alieleza habari za ndege aina ya kwezi zaidi ya 11,000 walionaswa Uholanzi wakiwa safarini, wakaenda kuachiwa Uswisi. Wachanga waliendelea na mwelekeo uleule wa kusini-magharibi, wakaishia Ufaransa ya kusini na Uhispania. Wakubwa, waliokwisha kusafiri, waligeuza njia kuyafuata makazi yao ya kawaida. Hapo mfano wa saa unashindwa, kwa maana saa haikumbuki ilikopita.

Mfano huo unamfaa zaidi mchanga, na hata kwake hausemi mwelekeo ule aliupata kwa nani. Urithi wa damu unaeleza umemfikiaje. Qur'ani, katika Sura An-Nahl, inamtaja nyuki kuwa alipewa wahyi na Mola wake, na muumini anayemtazama kinda akisafiri bila kufundishwa ana haki ya kulikumbuka neno hilo. Mkubwa ana urithi huo pamoja na kumbukumbu zake: junko waliovishwa pete mguuni wameonekana tena katika ua uleule, majira ya baridi yaliyofuata.