Jicho ni Kweli, Lakini Shahidi ni Nani?



Tulikwenda Kangundo, upande wa Machakos, kumzuru ndugu yetu aliyehamia huko kwa biashara. Tulimkuta yu katika dhiki kubwa. Mwanawe wa miaka saba huanguka ghafla, akatetemeka, povu likamtoka kinywani. Mganga, ambaye Wakamba humwita mundu mue, alikwisha kuitwa. Alipiga bao, akasema mtoto ametiwa jicho, na aliyemtia ni jirani, bibi kizee mjane. Tangu siku hiyo hapana aliyemwamkia mzee yule.

Msiwacheke watu wa bara. Nani katika sisi hajui kuwa watu wa pwani hufunga safari kuwaendea waganga wa Ukambani? Na hizi ngoma za pepo, kwa uvumba na damu ya mbuzi, je, hazichezwi katika mitaa yetu?

Ama jicho, ni kweli, Mtume wetu (S.A.W.) amelithibitisha. Na majini wapo. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kitazameni kisa cha Sahl bin Hunaif. Alikuwa akioga, Amir bin Rabia akamwona, akastaajabia uzuri wa ngozi yake, Sahl akaanguka. Mtume hakupiga ramli. Aliwauliza watu, nao wakamtaja Amir kwa neno alilolitamka. Wala hakumpiga, wala hakumfukuza mjini. Alimkemea kwa kutomwombea nduguye baraka, akamwamuru ajioshe, na maji yale akamwagiwa Sahl, akapona. Na Amir ni nani? Ni Sahaba mwema aliyepigana Badri. Basi jicho laweza kutoka kwa mtu asiye na uadui wowote.

Mtauliza: Je, mgonjwa akisomewa, na sauti ikanena kinywani mwake kuwa imetumwa na fulani? Huo si ushahidi. Sheria yetu hairidhii ushahidi wa mtu fasiki. Itauridhiaje wa shetani, ambaye Mtume alimweleza Abu Huraira kuwa ni muongo, hata siku ile aliyosema kweli?

Tena alama mnazozihesabu, kama miayo, ndoto mbaya, kuumwa na kichwa na kuanguka, ni alama za maradhi vilevile. Malaria ikipanda kichwani humtetemesha mtoto. Na kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una dawa ya kumeza kila siku. Zama za Mtume alikuwapo mwanamke mwenye kifafa, akaja kuomba dua. Mtume alimkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Hakumwambia kuwa fulani ndiye aliyemroga.

Basi tulimwusia ndugu yetu mambo matatu. La kwanza, amsomee mwanawe Fatiha, Ayatul Kursiyyi, Falaq na Nas, yeye mwenyewe, bila ya ujira wa mtu. La pili, ampeleke hospitali ya Kangundo siku ile ile. La tatu, aende kwa yule mzee akamtake radhi.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mawili ya kwanza nitayafanya leo. La tatu ni zito.”

Naam, ni zito, kwani linavunja kiburi. Lakini mtoto akipona na mjane akabaki ametengwa, ugonjwa umetoka mwilini mwa mwana ukaingia moyoni mwa baba. Na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiki.