Mwana wa Kulea na Haki ya Nasaba Yake



Tumeulizwa mas-ala ambayo twaona yafaa kujibiwa kwa maandishi, kwa kuwa yawahusu wengi na wachache ndio wathubutuo kuyauliza mbele za watu. Mume na mke wa mji wetu wa Mombasa walikaa miaka kumi na miwili bila ya kuruzukiwa mtoto. Kisha mama mmoja, aliyefiwa na mumewe naye hana uwezo, akakubali wamlee binti yake mchanga. Mume akaja kutuuliza iwapo yajuzu. Na mkewe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza lake kwa sauti ya chini: "Sheikh, na yule mamake akija kumtazama, mimi nitakuwa nani?"

Swali la mume ni jepesi. Swali la mke ndilo zito, na ndilo lililotutia kuandika.

Yatupasa kwanza tujue kuwa sharia imetenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: malezi na nasaba. Malezi ni ibada kubwa. Mtume wetu (S.A.W.) alibashiri kuwa mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Naye mwenyewe alilelewa: Halima alimnyonyesha, babu yake akamtunza, kisha Abu Talib ami yake. Walimpenda wote, wala hapana hata mmoja wao aliyeliondoa jina la Abdallah babake. Nasaba ni haki ya mtoto, na mtu hana ruhusa kuitoa wala kuinunua.

Na kisa cha Zaid bin Haritha chatosha kuwa darasa. Zaid alitekwa angali mdogo, akauzwa, mpaka akafika nyumbani kwa bibi Khadija, naye akampa Mtume kabla ya kupewa Utume. Babake na ami yake walipopata habari walikuja Makka na mali ya kumkomboa. Mtume hakumficha wala hakuwafungia mlango. Alimwita Zaid akampa hiari: akitaka aende na babake, na akitaka akae. Zaid akachagua kukaa, na babake akarudi moyo wake umetua. Baada ya hapo watu walimwita Zaid bin Muhammad, mpaka ziliposhuka aya za Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, zikaamrisha kuwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ni ndugu zetu katika dini. Akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? La! Alibaki kipenzi cha Mtume mpaka alipouawa shahidi Muta, mwaka wa 8 wa Hijra. Kilichoondolewa ni jina lisilo la kweli, basi.

Lakini sisi hapa pwani tumefanya nini? Wazee wetu walikuwa wakipeana watoto kwa uwazi. Mtoto hulelewa na shangazi au nyanya, na mtaa mzima wajua mamake ni nani. Siku hizi wako wanaoona aibu ya kukosa mtoto kuwa kubwa kuliko dhambi ya uongo. Huhama mtaa, wakaandikisha cheti kwa majina yao, na mtoto akakua hajui lolote.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kuozesha. Usiku wa kuamkia nikaha, baba wa bibi harusi alitujia peke yake akasema, "Sheikh, huyu si mwanangu wa kuzaa." Ndugu zetu, katika madhehebu yetu ya Shafii wali ni nguzo ya nikaha, na mlezi si wali. Lau angalinyamaza, tungaliozesha kwa wali asiyekuwa wali. Ikabidi binti aambiwe usiku ule ule, na nikaha ikaahirishwa hata ami yake wa damu akapatikana. Binti hakulia kwa kuwa alilelewa. Alilia kwa kuwa alidanganywa miaka kumi na tisa. Neno la kwanza alilouliza ni, "Mamangu yuko wapi?" Na mamake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, naye aliishi mtaa wa pili. Pengine walipishana sokoni mara nyingi. Ni nani atakayemlipa binti huyu haki hiyo?

Wala msidhani jambo hili ni la Waislamu peke yao. Uingereza walitunga sheria ya kuasili watoto mwaka 1926, na kwa miaka mingi ikawa desturi kuwaficha watoto asili yao. Mwaka 1975 sheria ikageuzwa: aliyeasiliwa akitimiza miaka 18 ana ruhusa kukitaka cheti chake cha kwanza. Uskoti walikuwa wamefungua mlango huo tangu 1930. Na Marekani, kuanzia miaka ya 1970, walianza watu kuasili kwa uwazi, mzazi na mlezi wakijuana na kutembeleana. Hatusemi kuwa sheria zao ni kama zetu, kwani wao humhamisha mtoto katika nasaba na mirathi. Twasema kuwa waliujaribu usiri wakaona madhara yake, nasi tunaoamrishwa ukweli ndio kwanza twauingia!

Basi tuliwajibu wale mume na mke: mchukueni, na mlango msiufunge. Tukawapa masharti. Aitwe kwa jina la babake. Mambo yaandikwe mbele ya mashahidi na kupitishwa serikalini. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitaja kafala, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 uliitaja kabla yake. Mirathi yao hana, lakini wana ruhusa kumpa zawadi katika uhai wao, na kumuusia kisichozidi thuluthi. Na dada wa mume, aliyekuwa akinyonyesha, alimnyonyesha mtoto mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, mume akawa mjomba wake wa kunyonya. Tatizo la kuonana atakapobaleghe likaondoka.

Hatutasema kuwa yalikuwa mepesi. Idi ya kwanza mamake mtoto alipokuja, mke alijifungia chumbani mpaka mgeni akaondoka. Idi ya pili alimpa chai, hakukaa naye. Kisha mtoto akashikwa na homa kali, na wanawake wale wawili wakakesha pamoja, mmoja akimkanda kwa maji, mwengine akimshika miguu. Tangu usiku ule, mke alituambia, aliacha kuhesabu siku za ziara.

Leo mtoto ana miaka saba. Mlezi wake humwita "mama," na mzazi wake "mama wa Kisauni." Chuoni mwenziwe alimtupia neno kuwa yeye si wa nyumba ile. Akajibu, "Najua. Babangu amekufa, mamangu yuko Kisauni, na hawa ndio wanilea." Akaendelea na juzuu yake. Neno ambalo kwa binti wa nikaha lilikuwa msiba, kwa huyu lilikuwa habari ya kawaida.

Mtu atasema, "Na mamake akimtaka tena?" Hwenda akamtaka, wala hatumdanganyi mtu. Mtoto wa kulea ni amana, na mwenye amana hujua kuwa yaweza kutakwa. Aliyemkubali Zaid alikubali pia kumwacha aende, na kwa hiyo Zaid akakaa. Asiyeweza kubeba khofu hiyo naamsaidie yatima kwa mali yake hapo alipo, naye ana ujira wake.

Na ninyi mnaosema "kuasili ni haramu" kisha mkakaa, twawauliza: ni yatima wangapi mmewalea? Kilichoharimishwa ni kubadili nasaba. Kulea kumeamrishwa. Msiishike nusu ya hukumu iliyo nyepesi kwenu mkaiacha nusu iliyo nzito.

Ama swali la yule mke, "mimi nitakuwa nani?", twamjibu hivi: utakuwa yule aliyemlea na akamwambia kweli.

Mwenyezi Mungu awaruzuku wasio na watoto, awahifadhi mayatima wetu, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.