Kateni Mpaka Libaki Moja

Ndugu zangu mnaotaka kuanzisha kampuni za teknolojia, nawasihi, acheni kuyaficha mawazo yenu! Mnawasainisha marafiki makaratasi ya siri kabla hamjawaonyesha chochote. Mnaongea kwa kunong'ona mkiogopa kuibiwa. Nawaambieni kweli, hakuna mwizi anayelisaka wazo lenu. Kila mtaa una watu waliokwisha kuwaza hayo mnayoyawaza leo, na kulipokucha waliendelea na shughuli zao. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na wazo moja miezi na miaka, alikate, alikate tena, mpaka mama muuza samaki wa Feri alitumie bila kufundishwa na mtu.

Mtazameni Jan Koum. Alizaliwa Kyiv mwaka 1976, akakulia Fastiv, katika Usovieti ambako wazazi wake waliogopa kuongea mengi kwenye simu, wasije wakasikilizwa na dola. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, akafika Mountain View, California, na mama na bibi yake. Baba akabaki Ukraine. Mama akafanya kazi ya kulea watoto wa wenzake, kijana akafagia duka la vyakula, na mezani kulikuwa na chakula cha vocha za serikali. Mitandao ya kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa vitabu alivyonunua duka la vitabu vikuukuu. Akikimaliza kitabu, anakirudisha. Nani kati yenu ataniambia tena kwamba hajaanza kwa sababu hana mtaji?

Baada ya miaka mingi Yahoo, mwezi Februari 2009 Koum akaisajili WhatsApp. Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Wazo lake la kwanza halikuwa hili mnalolijua. Alitaka tu kwamba ukitazama majina kwenye simu yako, kando ya kila jina uone hali ya mwenyewe: yuko kazini, yuko mazoezini, betri inaelekea kuisha. Programu ilikuwa inakwama na kujizima. Waliokuwa nayo walikuwa wachache. Koum alifikia kutaka kuacha na kutafuta ajira, na rafiki yake Brian Acton ndiye aliyemsihi avumilie miezi michache zaidi. Acton mwenyewe mwaka huohuo aliomba kazi Twitter na Facebook, akakataliwa kote kuwili.

Juni 2009 Apple ikaruhusu programu kumpelekea mwenye simu taarifa hata kama hajaifungua. Ghafla, ukibadilisha hali yako, rafiki zako wote wanajulishwa. Watu wakaanza kutaniana kwa hali zao, wakaulizana, wakajibizana. Koum akaona: watu wanaongea! Akakiweka kando alichokikusudia, akakifuata walichokuwa wakikifanya. Unyenyekevu wa namna hii ndio ninaouhubiri, ndugu zangu. Kulipenda wazo lako kiasi cha kutowaona watu wanaolitumia ni upofu, na upofu huo umeua kampuni nyingi.

Wala hatuhitaji kwenda California kuyaona hayo. Mwaka 2005 Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakiwa na Safaricom, walianza kujaribu huduma nchini Kenya ili wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Ilikuwa na hesabu za vikundi, ripoti na mengi ya kumchanganya mtu. Wakopaji wakafanya yao: wakatumiana fedha wao kwa wao. Basi hesabu za mikopo zikaondolewa, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa na ahadi moja ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa: kutuma pesa nyumbani. Ikafanya kazi kwenye kitochi, kupitia menyu iliyomo ndani ya laini. Mngepewa ninyi mradi ule, wangapi mngethubutu kuikata ile sehemu ya mikopo, ambayo majaribio yenyewe yalianza kwa ajili yake?

Kwa maana kukata kunauma! Najua. Kila mnachokiondoa kuna mtu aliyekesha akikitengeneza. Kwenye mashindano ya wabunifu majaji hushangilia programu yenye soko, mkopo, tiketi, gumzo na utabiri wa hali ya hewa, vyote mahali pamoja. Mnapewa cheti na picha. Kisha mkulima wa Mbozi anaifungua, inamlia bando, haoni pa kubonyeza, anaifuta. Hatawapigia kuwaeleza sababu.

Turudi WhatsApp. Acton, aliyekuja kujiunga na Koum, alimwandikia karatasi fupi, na Koum akaiweka mezani pake: hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna mbwembwe. Iliongoza maamuzi yao ya kila siku. Walikataa jina la mtumiaji na nywila, namba yako ya simu ikawa ndiyo utambulisho wako. Walikataa kukutafutisha marafiki wapya, wakatumia majina ambayo tayari umeyahifadhi. Walipoamua kutumia nguvu zao, walizipeleka kwenye jambo ambalo wenzao wengi wa California hawakulijali: programu ifanye kazi kwenye Nokia na BlackBerry, penye mtandao hafifu, kwa watu kama sisi. Kwenye mitambo yao wakatumia Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Haikuwa lugha ya fasheni, lakini ilibeba mzigo.

Ndiyo maana Facebook ilipotangaza mwezi Februari 2014 kuinunua kwa dola bilioni 19, kampuni ile yenye watumiaji zaidi ya milioni 450 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55 tu. Kila walichokikataa kilikuwa mtu mmoja wasiyelazimika kumwajiri, kasoro moja wasiyolazimika kuitafuta usiku. Koum akausaini mkataba mlangoni pa jengo lililokuwa zamani ofisi ya ustawi wa jamii, palepale alipokuwa akipanga foleni ya vocha za chakula.

Ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi. Siwezi, maana ningekuwa nimewadanganya. Ile karatasi ya mezani haikuwa na nguvu mbele ya mmiliki mpya ambaye biashara yake ilikuwa matangazo. Acton akaondoka mwaka 2017, akaacha hisa za takriban dola milioni 850 ambazo angezipata kama angekubali kungoja. Mwaka uliofuata akakiri hadharani kwamba aliiuza faragha ya watumiaji wake. Koum naye akaondoka mwaka 2018. Acton akatoa dola milioni 50 kuanzisha Signal Foundation, asasi isiyotafuta faida, isiyo na mwenye hisa wa kumnunua, ili ujumbe wa watu ubaki wa watu.

Basi nawasihi, enyi mlio wawili watatu kwenye chumba cha kupanga, mkichangiana bando. Msingoje mwekezaji afike. Usiku wa leo fungueni mnachokitengeneza, mfute kila kisichomsaidia yule mtu mmoja mnayemjua kwa jina. Kesho mpelekeeni, mkae kimya, mtazame kidole chake kinasita wapi. Kisha kaeni kama washirika, na andikeni kwenye katiba ya kampuni, si kwenye karatasi ya mezani, kile ambacho hamtakiuza kwa bei yoyote. Kiandikeni sasa, kabla hakijapangiwa bei, na kila mmoja wenu atie sahihi.