Dadu Likishatupwa Lisiguswe

Katika michezo ya kuigiza mezani, ambayo mama yao ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotolewa Marekani mwaka 1974, mtu mmoja huendesha hadithi na wenzake huingia humo kama wahusika. Mchezaji hueleza anachotaka kutenda, kisha dadu lenye pande 20 huamua kama amefaulu. Mwendesha mchezo husimamisha kadibodi mbele yake, na madadu yake huanguka nyuma ya kadibodi hiyo, asipoona mtu mwingine. Ikitokea nambari ya kumuua mhusika ambaye mchezaji wake amemlea kwa miezi mingi, je, mwendesha mchezo anaruhusiwa kutangaza nambari nyingine? Wengi wenye roho nzuri hujibu kwamba anaruhusiwa. Mimi nakataa, na namwomba msomaji wa Nakuru anisikilize hata kama hajawahi kushika dadu la aina hiyo, kwa kuwa swali lenyewe analijua kutoka kwenye mashamba.

Walowezi walipokuwa wakiuza mashamba yao miaka ya baada ya uhuru, watu wa kipato kidogo walichanga pesa na kununua hisa katika kampuni za mashamba. Ngwataniro haihitaji kuelezwa huku kwetu, wala Ndeffo, iliyochukua jina lake kwa waliopigania uhuru katika wilaya ya Nakuru. Shamba likishalipiwa lilipimwa na kukatwa vipande, na vipande havikulingana. Kimoja kilipakana na mto, kingine kilikuwa mawe matupu, kingine kilitazama barabara na kingine kililala kwenye mteremko ambao jembe la ng'ombe haliuwezi. Watu wenye hisa sawa wangegawanaje vitu visivyo sawa bila kushikana mashati? Walipiga kura. Memba alichukua nambari, nambari ikaingia kwenye kadi yake, na kadi ikawa ushahidi wake mpaka siku ya hatimiliki. Aliyeangukia mawe alinung'unika, lakini hakuwa na mtu wa kumlaumu, na kwa sababu hiyo aliweza kuishi na jirani yake wa kando ya mto.

Sasa tuchukue mwanakamati mwenye huruma ya kweli. Anamwona mjane mwenye watoto wengi, na kimyakimya anamtengea nambari ya mtoni. Nia ni njema, sina shaka nayo. Lakini kuna memba fulani ambaye angeipata nambari ile, naye amenyang'anywa bahati yake bila kujua na bila nafasi ya kusema neno. Mjane mwenyewe, siri ikivuja, atasemwa kila anapopita na debe lake la maji. Na kamati ijayo, ikishajua kwamba mkono unaingia, itauingiza kwa ajili ya mpwa wa mwenyekiti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Nakuru imesikiliza kesi nyingi za kadi za kura, watu wawili wakigombea ploti moja, na jaji hana namna ya kurudi siku ile akaangalia. Kama memba walitaka kumsaidia mjane, na ilifaa wamsaidie, mkutano ungemtengea ploti hadharani kabla ya kura kupigwa. Huruma hiyo ingekuwa ya wote, na isingemwibia mtu.

Mezani mambo ni yale yale, tofauti ni ukubwa wa hasara. Mchezaji aliyeingia pangoni alipima hatari, akaamua. Mwendesha mchezo anapobadilisha nambari, anaufuta uamuzi ule na kuweka wake mahali pake. Kupata 20 mara mbili mfululizo ni nafasi moja katika 400; watu huruka vitini inapotokea, kwa sababu ingeweza kuwa moja. Wakishashuku kwamba nambari hutengenezwa, furaha ile hairudi, hata siku 20 inapokuja kihalali. Nitaambiwa Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1979, alimpa mwendesha mchezo haki ya kupuuza dadu. Ni kweli. Lakini someni alichopendekeza kwa mchezaji aliyecheza vizuri akaangushwa na bahati mbaya tu: badala ya kufa, mhusika apoteze kiungo au jicho. Dadu bado lina uzito wake, na pendekezo hilo linaweza kusemwa kwa sauti mbele ya wote. Kwa nini basi lifichwe?

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la hadithi: kwamba safari ya miezi haifai kuishia kwenye shimo la njiani kwa sababu ya kipande cha plastiki. Nakubali haifai. Dawa yake ni kutolitupa dadu. Kama kifo hakikubaliki pale, mwendesha mchezo aseme kwamba hapa hakuna anayekufa, hatari ni kutekwa au kupoteza mzigo, kisha arushe. Kuuliza swali huku umeazimia kutolisikiliza jibu usilolipenda ni kuwadharau waliokaa nawe.

Lipo jambo moja ambalo kweli linahitaji usiri. Mhusika anapopekua mlango kutafuta mtego, mchezaji akiiona nambari atajua zaidi ya mhusika wake. Hapo kadibodi ina kazi halali, kwa kuwa kuficha nambari kwa muda si kuibadilisha. Dadu lirushwe ndani ya kikombe, kikombe kifunikwe mezani mbele ya wote, na kifunuliwe mlango ukishafunguliwa. Anayetaka kuhesabu ahesabu, kama wanavyofanya watazamaji wa bao, ambao huziona kete zote na mara nyingi hujua kabla ya mchezaji zitaishia shimo lipi.