Amana ya Mtoto Baina ya Skuli Tatu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika nchi ya Kenya mzazi mwenye mtoto wa kutiwa skuli husimama penye njia panda. Iko skuli ya serkali. Iko skuli iliyosimamishwa na watu wa dini. Na iko skuli ya watu binafsi, isiyongojea hazina ya serkali. Zote tatu humwita mtoto yule yule mmoja. Basi kabla ya kuuliza ada na umbali, yapasa liulizwe suala hili: mtoto huyu ni amana ya nani, na ni nani atakayeulizwa juu yake?

Na ajue msomaji kuwa skuli hizi hazikuanza kwa pamoja wala kwa nia moja. Vyuo vya Qurani vilikuwako pwani karne nyingi. Kisha wakaja wamisheni: Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaweka kituo chao Rabai. Kwao kusoma herufi na kusoma Injili vilikwenda pamoja. Serkali ya Kiingereza nayo ilitaka makarani, ikafungua Mombasa skuli ya Waarabu mwaka 1912. Ama Wakikuyu, walipotengana na wamisheni mwaka 1929 kwa ajili ya tohara ya wanawake, walijichangia wakajenga skuli zao wenyewe, na mwaka 1939 wakafungua Githunguri chuo cha kutoa walimu. Skuli hizo zilifungwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Lisitazamwe lililogombaniwa, litazamwe lililojengwa, kwani watu wasiokuwa na hazina walijenga kwa michango ya mashambani mwao.

Wazee wengi wa pwani katika siku zile waliwazuilia watoto wao skuli. Khofu yao haikuwa ya upuuzi, kwani mwenye skuli alikuwa hafichi kuwa ataka kugeuza dini ya mtoto. Lakini walikimbia mlango ule wala wasijenge mwengine, na khasara ikawafikia wajukuu: wakawa wageni katika ofisi za mji wao wenyewe. Likaja kundi la pili, likatupa khofu yote. Hao humpeleka mtoto skuli, wakalipa ada, wakadhani wamekwisha kuitimiza amana. Makundi yote mawili yamekosea kosa moja. La kwanza lilidhani kuwa kuzuia ndiko kulea, na la pili likadhani kuwa kulipa ndiko kulea.

Imepokewa katika habari za vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, kwamba mateka wa Makureshi waliojua kuandika, wala hawana mali ya kujikomboa, kila mmoja alipewa sharti ya kuwafundisha kuandika watoto kumi wa Madina. Walimu wale walikuwa washirikina. Lakini lililofundishwa lilijulikana, na watoto walikuwa katika mji wa watu wao. Hapa pana hoja juu ya makundi yote mawili: elimu haiharamiki kwa dini ya mwalimu, wala mwalimu haachiwi mtoto pasina mtu wa kumtazama. Na Imamu al-Ghazali katika kitabu chake Ihya alihesabu utabibu na hesabu katika fardhi za kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi, na hali iko miji isiyo na tabibu ila asiyekuwa Muislamu.

Yabaki jambo zito zaidi, nalo ni haki ya mwenye skuli. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilizitia skuli nyingi za wamisheni katika usimamizi wa serkali, na makanisa yakabaki wafadhili, wenye kauli katika mila ya skuli. Mishahara ya walimu hutoka katika hazina, na hazina hujazwa na kodi ya Mkristo na Muislamu. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa Kiislamu kuvaa hijabu katika skuli ya Isiolo iliyofadhiliwa na kanisa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo, kwa kuwa dai halikuletwa mahakamani kwa taratibu iliyopasa.

Kanisa lasema: skuli hii tuliijenga kwa jasho letu, nasi twataka idumu katika mila yetu. Baba asema: skuli hii yalishwa kwa kodi yangu, na binti yangu si mgeni humo. Kila mmoja ana fungu la haki, na insafu ni kupima kwa hili: anayekula katika chungu cha wote hana budi kuwapokea wote kama walivyo, na anayejilisha mwenyewe ana nafasi kubwa zaidi ya kuweka sharti nyumbani mwake, maadamu amezitangaza mapema wala hakumdhulumu mtu.

Lakini mizani ni moja, haina upande wa kupimia na upande wa kupimiwa. Skuli iliyosimamishwa na Waislamu, ikisomeshwa na walimu wa serkali, basi mtoto wa Kikristo aliyemo ana haki ile ile: asilazimishwe sala wala asidharauliwe kwa dini yake. Anayedai hijabu Isiolo kisha akamnyima mwenziwe haki yake Mombasa, huyo hatafuti haki, atafuta ushindi. Na anayelalamika juu ya skuli ya watu, wala hajatoa mchango wa tofali moja wala mshahara wa mwalimu mmoja wa chuo, malalamiko yake hayana uzito.

Basi yarudi suala la mwanzo. Skuli zote tatu ni wakala. Mwenye amana ni mzazi, na wakala akikosea, aliyemuweka haachi kuulizwa. Mzazi na achague skuli aiwezayo. Lakini jioni na akae na mtoto, amuulize amesoma nini na ameambiwa nini, afungue daftari lake, amsikilize sura yake. Asiyejua kusoma naye aweza kuuliza na kusikiliza. Kazi hiyo haina ada, wala hapana skuli iwezayo kumfanyia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake ndiko yatokako mafanikio.