Meli Iliyopakwa Mafuta Kabla ya Kuzamishwa



Reli ipitayo hapa kwetu imewahi kuchukua meli. Iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa bara. Huko Kigoma ikaunganishwa tena, ikaitwa Graf von Götzen. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, basi ikatiwa mizinga, na mzinga mmoja ulitoka katika manowari Königsberg.

Manowari hiyo iliangamia katika Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Lakini wenyewe walirudi, wakaiopoa mizinga yake kumi kutoka majini, wakaitengeneza, wakaiburuta nchi kavu. Ngurumo zake zilisikiwa hata Kondoa mwaka 1916. Basi tuangalie, ndugu, kwamba mtu aweza kuopoa kitu ili aue nacho.

Nasi tumefanya hivyo. Ndugu mmoja aliyetengwa zamani aliomba kurudi Mezani pa Bwana, nasi wazee, badala ya kumwuliza habari ya toba yake, tukaliopoa kosa lake la miaka mingi, tukalisafisha vizuri, tukamlenga nalo. Akainuka, akaenda zake.

Turudi Kigoma. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji ziliangusha mabomu huko, na tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe, isije ikatwaliwa na adui. Lakini mafundi walioiunda waliipaka kwanza injini mafuta mazito. Waliizamisha kama watu watumainio kuiona tena! Wabelgiji wakaiopoa, ikazama mara ya pili kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakaona injini na boila zingali zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyobeba mizinga ikawarudisha wakimbizi wa Kongo kwao mwaka 1997, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, akina mama na watoto wao mgongoni.

Injini ile haikujipaka mafuta yenyewe. Na ndugu yetu hakujibatiza. Yeye aliyemwumba alimtia alama yake kabla ya maji kumfunika, nasi twajuaje ya kuwa ndani yake kumeoza, hali hatujashuka kutazama? Labda atazama mara ya pili. Meli nayo ilizama mara ya pili. Katika Luka 15 hatusomi kwamba mchungaji aliuliza kwanza kama kondoo yule amewahi kupotea kabla ya siku ile.

Tumekubaliana, sisi wazee wawili tuliosema maneno makali kuliko wenzetu, kumwendea nyumbani kwake kabla ya Jumapili. Daftari la makosa litabaki kanisani.