Juu ya Neno "Ukoma"

Tusomapo Mambo ya Walawi, mlango wa 13 na wa 14, twakuta jambo la kutushangaza: ukoma hauwapati watu tu, bali na nguo, hata kuta za nyumba. Je, ukuta waweza kuugua? Hasha. Basi yatupasa kuuliza maana ya neno hili.

Kwa Kiebrania ni tsaraati, nalo halikutaja ugonjwa mmoja, bali madoa ya namna nyingi yaliyomfanya mtu au kitu kuwa najisi. Karne ya tatu kabla ya Kristo, Wayahudi wa Iskanderia katika Misri walipofasiri Torati kwa Kiyunani waliandika lepra, neno litokanalo na magamba; matabibu wa Kiyunani waliliita hivyo gonjwa la ngozi yenye magamba. Baadaye sana jina lilo hilo likapewa ugonjwa mwingine, ule utiao ganzi na kulemaza vidole, ndio tuuitao ukoma. Jina lilipohama, unajisi ulihama nalo, ukawaangukia wagonjwa pasipo kosa lao.

Mwaka 1873 tabibu Hansen, huko Bergen katika Norwei, alikigundua kijidudu kiletacho ugonjwa huu. Kijidudu si laana. Tena tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadha zitumiwe pamoja, nazo humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12.

Lakini mwili ukiisha kupona, je, jina nalo limepona? Wako waliopona, na hata sasa jirani hakubali kupokea kikombe mikononi mwao. Wengine watasema, "Jina ni jina tu." Sivyo. Tukisema "mkoma", twamfanya mtu kuwa ugonjwa wenyewe. Tukisema "mwenye ukoma", twakiri kwamba yeye ni mtu, na alicho nacho chaweza kumwondoka, kama vile mwenye deni alipapo si mwenye deni tena.

Nanyi waalimu, mfundishapo milango ile, waelezeni watu maana ya neno, wasije wakamhukumu mgonjwa kwa sheria ya madoa ya ukuta. Tena kumbukeni habari katika Marko, mlango wa 1: Bwana wetu hakungoja mtu yule atakasike ndipo amguse. Alimgusa kwanza, ndipo ukoma ukamwondoka. Sisi je, twawaogopa hata waliokwisha kupona?